Kanzidata ya mapokezi ya mazao kwenye AMCOS: shajara ya mradi, Nachingwea, Februari–Novemba 2024

Shajara hii ni ya kazi ya kuhamisha kumbukumbu za chama cha msingi cha ushirika wa wakulima (AMCOS) kutoka kwenye madaftari na mafaili ya Excel kwenda kwenye kanzidata moja. Chama kinapokea ufuta, mbaazi na korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anakabidhi mazao, anapewa stakabadhi, na analipwa baada ya mazao kuuzwa ghalani kwa mnada. Imeandikwa ili chama kingine cha Lindi au Mtwara kiweze kuifuata bila kulipia upya makosa yaleyale. Hatua za kawaida zimepitwa haraka. Palipokwama ndipo palipopewa nafasi.

12 Februari 2024. Kilichokuwepo

Ofisini kulikuwa na daftari la wanachama, daftari la mapokezi kwa kila zao, vitabu vya stakabadhi vyenye nakala ya kaboni, na mafaili ya Excel yanayotengenezwa upya kila mnada kwa ajili ya malipo. Kila kimoja kilikuwa sahihi kwa kiasi chake. Tabu ilianza pale mkulima alipofika dirishani na swali la kawaida kabisa: nimeleta kilo ngapi, zimeuzwa mnada upi, kwa bei gani, nimekatwa nini, na hela imeingia lini? Jibu lake liko kwenye vitabu vitatu na faili moja, na jina lake limeandikwa tofauti kwenye kila kimoja.

Hapo ndipo tofauti ya orodha na kanzidata inapoonekana. Faili la Excel linakubali chochote unachokiandika. Kanzidata ni kumbukumbu zilizopangwa kwenye majedwali yanayoshikana, pamoja na kanuni zinazokataa kisichowezekana: stakabadhi ya mkulima asiyekuwepo, mzigo mmoja kulipwa mara mbili, kilo chini ya sifuri. Msingi wa mpangilio huo uliwekwa na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM nchini Marekani, kwenye makala yake ya 1970. Wazo lake kuu bado ndilo linaloongoza kazi hii: jambo moja liandikwe mahali pamoja, na kwingine kote lirejewe kwa ufunguo wake.

Kuna jambo la kukubaliana mapema na kila anayehusika. Ofisini watu huita kanzidata vitu vitatu: kompyuta yenyewe, programu inayofunguka kwenye skrini, na data iliyomo. Kwenye shajara hii kanzidata ni data na kanuni zake, programu ya kuingizia na kusomea ni mfumo, na kompyuta ni kompyuta. Ingizo la Agosti linaonyesha kwa nini makubaliano haya yana thamani ya fedha.

26 Februari. Kuchagua injini

Injini ni programu inayoihifadhi kanzidata na kuzisimamia kanuni zake. Imechaguliwa SQLite. Ni ya bure, haina hakimiliki, ilianza 2000 mikononi mwa D. Richard Hipp, na ndiyo iliyomo ndani ya karibu kila simujanja. Kanzidata nzima ni faili moja. Haihitaji seva ya pekee wala mtaalamu wa kuilea kila siku. PostgreSQL, injini nyingine ya bure, ina nguvu zaidi na ingefaa chama kikuu chenye watumiaji wengi kwa wakati mmoja, lakini kwa ofisi yenye makarani watatu ingeongeza kazi ya ulezi bila faida inayoonekana.

Huduma ya kukodi mtandaoni iliwekwa kando. Mizani inafanya kazi siku ambayo intaneti haipo, na mkulima aliyesukuma baiskeli yenye gunia tangu alfajiri haambiwi arudi kesho.

Toleo lazima liwe 3.37 au jipya zaidi, kwa sababu ndipo lilipokuja neno STRICT. Bila neno hilo SQLite ina ulegevu wa kushangaza: safu uliyoitangaza kuwa ya namba inapokea maandishi bila kulalamika. Ukiandika "kumi na mbili" kwenye safu ya kilo, inahifadhi maneno hayo. STRICT inaikataza.

Gharama hadi hapa: kompyuta mpakato iliyotumika, shilingi 550,000.

11 Machi. Jedwali la wakulima, na tarakimu 20 za NIDA

Hili ndilo jedwali mama, na ndipo data inapoharibika kimyakimya kuliko kwingine kote.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Zinazobaki inazigeuza sifuri. Chukua namba ya mfano, isiyo ya mtu yeyote: 19990000123456789012. Ukiibandika kwenye kisanduku cha kawaida inaonekana 1.999E+19, na ukikigeuza kisanduku kiwe cha "Number" unakuta 19990000123456700000. Tarakimu tano za mwisho hazipo tena, na hakuna njia ya kuzirudisha kutoka ndani ya faili hilo. Orodha ya wanachama iliyokuwepo ilikuwa na mamia ya namba zinazoishia na sifuri tano. Zote zilirudiwa kusomwa kutoka kwenye nakala za vitambulisho.

Kuhamia SQLite peke yake hakuponyi. Namba kamili kubwa kuliko zote inayoishika ina tarakimu 19 na inaanza na 9,223. Namba ya NIDA inapitiliza hapo, hivyo kwenye jedwali lisilo STRICT inageuzwa kuwa namba ya desimali na tarakimu za mwisho zinapotea vilevile. Dawa ni kukumbuka kwamba NIDA, namba ya simu na namba ya akaunti si namba za kujumlisha. Ni maandishi yanayotumia tarakimu. Zikiwekwa kama maandishi, na ile sifuri ya mbele ya 07 au 06 inabaki.

```
CREATE TABLE mkulima (
  namba     INTEGER PRIMARY KEY,
  jina1     TEXT NOT NULL,
  jina2     TEXT NOT NULL,
  jina3     TEXT NOT NULL,
  kijiji    INTEGER NOT NULL REFERENCES kijiji(namba),
  nida      TEXT UNIQUE
            CHECK (length(nida) = 20
                   AND nida NOT GLOB '*[^0-9]*'),
  simu      TEXT,
  akaunti   TEXT,
  hali      TEXT NOT NULL DEFAULT 'yupo'
            CHECK (hali IN ('yupo','amefariki',
                            'amehama','ameunganishwa')),
  amehamia  INTEGER REFERENCES mkulima(namba)
) STRICT;
```

Ufunguo mkuu ni namba ya uanachama wala si NIDA, kwa sababu wapo wazee wasio na kitambulisho na mazao yao yanapokelewa kama ya wengine. UNIQUE, kanuni inayokataa thamani kujirudia, inaruhusu wengi wasio na NIDA ilimradi safu iwe tupu kabisa, yaani NULL. Fomu ya kwanza ilikuwa ikituma maandishi matupu badala ya NULL, na kila mzee wa aina hiyo alikataliwa na kanuni ya tarakimu 20. Mstari mmoja kwenye mfumo wa kugeuza utupu kuwa NULL ulimaliza shida.

Wakati wa kuingiza kutoka Excel: hifadhi kama CSV (faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) baada ya kuziweka safu hizo kuwa "Text", na usiifungue CSV hiyo tena kwa kubofya mara mbili. Ukiifungua hivyo Excel inazisoma upya kama namba, na ukihifadhi uharibifu umerudi.

2 Aprili. Saidi, Said, na watu wawili wenye majina matatu yaleyale

Daftari lilikuwa na Saidi na Said, Hamisi na Khamis, Mohamedi na Mohamed, Ramadhani na Ramazani, Arafa na Alafa. Mara nyingine ni mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili. Mara nyingine ni watu wawili kweli, wa kijiji kimoja, wenye majina matatu yanayofanana herufi kwa herufi, kwa kuwa mjukuu amepewa jina la babu.

Jaribio la kwanza lilitumia Soundex, kanuni ya Kimarekani ya tangu 1918 ya kulinganisha majina kwa sauti. Haifai huku. Inaishika herufi ya kwanza ilivyo, kwa hiyo Khamis inapata K520 na Hamisi H520, na kwake hao hawakutani kamwe.

Kilichofanya kazi ni kanuni chache za nyumbani, zinazotengeneza umbo la kulinganishia tu na kuliacha jina lenyewe lilivyoandikwa:

- herufi zote ziwe ndogo, alama na nafasi ziondoke;
- kh iwe h, dh iwe z, gh iwe g;
- r iwe l;
- herufi zilizorudiwa zibaki moja, Issa na Isa zikutane;
- i au u ya mwisho iondoke, Saidi na Said, Zainabu na Zainab.

Mfumo unatoa jozi zinazoshukiwa, ila hauunganishi wenyewe. Uamuzi unafanywa na karani pamoja na kiongozi wa kitongoji, wakiwa na nakala za vitambulisho mezani. Jozi za Asha na Aisha zilihitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu huenda ni mtu mmoja na huenda ni dada wawili.

Kuunganisha hakumaanishi kufuta. Jaribio la kufuta namba moja liliacha stakabadhi za karatasi mikononi mwa wakulima zenye namba isiyopatikana tena popote. Ndiyo maana ipo safu ya `amehamia`: namba ya zamani inabaki, hali yake inakuwa "ameunganishwa", na inaelekeza kwenye namba inayoendelea. Mtu akija na karatasi ya miaka mitatu nyuma, bado anapatikana.

Jambo lingine lililojitokeza hapa ni la marehemu. Namba kadhaa ni za waliofariki, na familia zinaendelea kuleta korosho kwa majina yao kwa sababu mirathi haijafungwa. Kuzifunga namba hizo kungezuia malipo halali; kuziacha wazi ni kumlipa mtu asiyeweza kufungua akaunti. Kumeongezwa jedwali dogo la `mpokeaji`: namba ya mkulima, jina la msimamizi wa mirathi, tarehe ya barua ya mahakama, akaunti, tarehe ya kuanza. Malipo yanapitia hapo. Jedwali hili halikuwemo kwenye mchoro wa kwanza, na kila chama kitalihitaji.

14 Mei. Vifaa vimechelewa

Kimbunga Hidaya kimepiga pwani mwanzoni mwa mwezi, na barabara ya Dar es Salaam–Lindi imekatika eneo la Somanga, Kilwa. UPS (betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika) na ruta vilivyoagizwa vimekwama. Juzi, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari nazo zimekatika na intaneti imekuwa ya taabu nchi nzima. Uamuzi wa Februari wa kuweka kila kitu ofisini unabaki ulivyo.

Muda umetumika kuingiza mapokezi ya msimu uliopita ili mfumo uwe na kitu cha kujaribiwa. Posho ya uingizaji data: 300,000.

3 Juni. Kilo, shilingi na mpangilio wa kugawanya

Uzito unahifadhiwa kwa gramu na bei kwa senti, vyote namba kamili. Kompyuta haiwezi kuandika sehemu kama 0.1 bila kosa dogo kwenye namba za desimali, na makosa madogo yakijumlishwa kwenye mistari elfu kadhaa, jumla ya malipo haikubaliani na hela iliyoingia benki. Kwa namba kamili jambo hilo halipo.

Lipo lingine, nalo lilitokea kwenye majaribio. SQLite ikigawanya namba kamili kwa namba kamili inatupa mabaki. Chukua kilo 37.45 za ufuta kwa bei ya 3,215. Jibu la haki ni 120,401.75. Fomula ya kwanza iliandikwa hivi:

```
gramu / 1000 * bei_senti / 100
```

37450 / 1000 inatoa 37. Zile gramu 450 zimeanguka kabla ya bei kuguswa, na jibu linakuwa 118,955. Mkulima amepungukiwa shilingi 1,447 kwenye mzigo wa gunia moja lisilojaa, na karatasi aliyopewa inaonekana safi kabisa. Sahihi ni kuzidisha kwanza, kugawanya mwisho na mara moja tu, na kuongeza nusu ya kigawanyo ili kukadiria:

```
(gramu * bei_senti + 50000) / 100000
```

Inatoka 120,402. Anayenakili kazi hii aanzie na mfano huu kama jaribio la kudumu: kila fomula ikiguswa, uendeshwe tena, na lisipotoka 120,402 fomula irudishwe ilivyokuwa.

Kwa kuwa kila mkulima anakadiriwa peke yake, jumla yao hutofautiana na fedha ya mnada kwa shilingi chache. Tofauti hiyo isifichwe. Ina mstari wake kwenye jedwali la mnada, safu ya `mabaki`, na mkaguzi anaiona.

24 Juni. Folda ya pamoja, kufuli, na stakabadhi yatima

UPS (190,000) na ruta (85,000) vimefika. Pia simu mbili zilizotumika kwa makarani wa mizani, 280,000.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuliweka faili la kanzidata kwenye folda ya pamoja, kila kompyuta ilifungue yenyewe kupitia waifai ya ndani. Ulidumu asubuhi moja. Watu wawili wakihifadhi kwa pamoja, mmoja anapata "database is locked", yaani kanzidata imefungwa. Kibaya zaidi, kufuli za mafaili kupitia mtandao haziaminiki, na faili linaweza kuharibika kabisa. Waandishi wa SQLite wenyewe wanaonya juu ya matumizi haya.

Mpangilio uliobaki: faili linakaa kwenye kompyuta moja na programu moja tu ndiyo inayoligusa. Simu na kompyuta nyingine zinafungua ukurasa wa programu hiyo kwa kivinjari, kupitia ruta ile, bila intaneti. Mipangilio mitatu inawekwa kila programu inapofungua kanzidata:

```
PRAGMA journal_mode = WAL;
PRAGMA synchronous = FULL;
PRAGMA foreign_keys = ON;
```

Wa kwanza unawaruhusu wasomaji kuendelea wakati mmoja anaandika. Wa pili unahakikisha kwamba karani akishaambiwa "imehifadhiwa", imefika diski hata umeme ukikatika sekunde inayofuata. Wa tatu ndio unaosahaulika. SQLite kwa kawaida haikagui kama mkulima anayetajwa kwenye stakabadhi yupo. Ukaguzi huo lazima uwashwe, na unawashwa kwa kila muunganisho upya, kwa sababu haukai ndani ya faili. Programu ya pembeni iliyotumiwa kurekebisha mistari michache ilifungua kanzidata bila ukaguzi huo, na zikaingia stakabadhi zisizo na mwenyewe. Zilipatikana kwa `PRAGMA foreign_key_check`, ambayo inataja jedwali na mstari wa kila yatima. Sasa amri hiyo inaendeshwa kila jioni kabla ya kufunga.

Tatizo la mwisho la wiki: waifai ikizubaa, karani anabonyeza "Hifadhi" mara ya pili, na mzigo mmoja unaingia mara mbili. Kukificha kitufe baada ya kubonyezwa hakutoshi, maana ukurasa unaweza kupakiwa upya. Kanuni imewekwa kwenye kanzidata yenyewe: namba ya stakabadhi ya karatasi ni UNIQUE kwa kila kitabu. Mara ya pili inakataliwa bila kujali imetokea wapi. Vitabu vya karatasi vinaendelea; mkulima anaondoka na karatasi, na ndiyo ushahidi wake.

15 Julai. Makato

Viwango vya makato hubadilika kwa zao na kwa msimu. Kwenye jedwali la kwanza kulikuwa na safu moja ya kiwango, na kiwango kipya kiliandikwa juu ya cha zamani. Matokeo: ukiichapisha upya hati ya malipo ya mwaka jana, inatoka na makato ya mwaka huu, tofauti na karatasi aliyonayo mkulima.

Marekebisho ni mawili. Kila kiwango kina zao, msimu na tarehe ya kuanza, na hakifutwi. Halafu malipo yakishaidhinishwa, kiasi kilichokatwa kinaandikwa kwenye jedwali la `malipo_kato` kama kilivyokuwa siku hiyo. Hii inaonekana kupingana na ile kanuni ya jambo moja mahali pamoja, lakini haipingani: kiwango ni jambo moja, na fedha iliyokatwa tarehe fulani ni tukio lingine lililokwisha kupita.

19 Agosti. Nakala rudufu

Karani alielekezwa kuchukua nakala ya kanzidata kwenye flashi kila jioni, na flashi ilijazwa kila jioni. Ilipojaribiwa kurudishwa kwenye kompyuta nyingine, ndani yake kulikuwa na ikoni ya mfumo tu, yenye ukubwa wa kilobaiti mbili. Kanzidata kwa maana ya ofisini ni kile kinachofunguka ukibofya ikoni, basi ikoni ndiyo iliyonakiliwa. Mtu alifanya hasa alichoelewa. Jina la faili na mahali lilipo viandikwe kwenye maelekezo, na neno peke yake lisitegemewe.

Hata kunakili faili lenyewe hakutoshi. Ukitumia WAL, maandishi ya karibuni hukaa kwenye faili la pili lenye mkia wa `-wal`, hadi yatakapohamishiwa kwenye faili kuu. Anayenakili lile kuu peke yake mfumo ukiwa wazi anaweza kuondoka bila mapokezi ya siku nzima. Amri hii inatengeneza nakala kamili hata watu wakiwa kazini:

```
VACUUM INTO 'E:/nakala/amcos-2024-08-19.db';
```

Imefungwa kwenye kitufe kimoja cha "Nakala ya leo". Flashi mbili za GB 64, 50,000 zote: moja ofisini, nyingine inalala mbali na ofisi, na zinabadilishana kila Ijumaa. Moto, mafuriko na mwizi haviulizi nakala ngapi ziko kwenye droo moja.

Mara moja kwa mwezi nakala inafunguliwa kwenye kompyuta nyingine. `PRAGMA integrity_check` lazima ijibu `ok`, kisha jumla ya kilo kwa kila zao ilinganishwe na jumla ya vitabu vya karatasi. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa isihesabiwe.

9 Septemba. Nani aone nini

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na chama kinachokusanya NIDA, simu na akaunti za watu kinaguswa nayo. Kwa vitendo yamefanyika haya. Karani wa mizani anaona jina, kijiji na mapokezi, haoni akaunti. Mhasibu anaona akaunti, ila kuibadilisha kunahitaji idhini ya mtu wa pili, na mabadiliko yanaingia kwenye jedwali la `kumbukumbu` lenye thamani ya zamani, mpya, saa na mtumiaji. Kila mtu ana nywila yake. Diski na flashi zimefungwa kwa usimbaji, na ufunguo umeandikwa kwenye bahasha iliyo kwenye kasha la chama.

Orodha ya malipo inayobandikwa kwenye ubao wa nje nayo imebadilika. Ilikuwa na majina, simu na namba za akaunti, wazi kwa yeyote apitaye. Sasa ina namba ya uanachama, kilo, makato na kiasi. Mwenye namba anajitambua.

Kumbukumbu hizi zinasaidia pia dhidi ya kangomba, yaani ununuzi wa mazao ya wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi. Mtu mwenye miti michache akionekana kuleta tani, ulizo moja (swali linaloulizwa kanzidata) linalolinganisha mapokezi yake na ya misimu iliyopita linamtoa juu. Halithibitishi kosa, kwa kuwa huenda amenunua shamba. Linaiambia bodi ni wapi pa kuuliza.

21 Oktoba. Korosho, na mzigo uliogawanyika

Korosho imevunja mambo mawili ambayo ufuta na mbaazi ziliyavumilia.

La kwanza ni msimu. Ufuta huvunwa na kuuzwa ndani ya mwaka mmoja, na jedwali lilikuwa na safu ya `mwaka`. Msimu wa korosho unaanza 2024 na huenda ukaishia 2025. Malipo ya Januari yangehesabiwa msimu mwingine. Sasa `msimu` ni jedwali lenye zao, jina ("2024/2025"), tarehe ya kufungua na ya kufunga. Kila mapokezi yanarejea msimu, na tarehe inabaki tarehe tu.

La pili ni zito. Mchoro ulidhani kwamba stakabadhi moja ya mkulima inakwenda kwenye mnada mmoja. Lori likijaa katikati ya rundo, nusu ya korosho za mtu inaondoka leo na nusu wiki ijayo, kwa minada miwili na bei mbili. Tena ghala kuu linaweza kuushusha mzigo wa daraja la kwanza kuwa la pili, na mzani wa kule ukasoma pungufu, kwa sababu korosho hunyauka ikikaa. Kwenye madaftari hayo yote yalikuwa yakimalizwa kwa kalamu pembeni ya ukurasa.

Safu ya `mnada` imeondolewa kwenye mapokezi. Yameingia majedwali mawili. `mzigo` ni lori moja: tarehe, uzito wa kuondoka, uzito wa ghala kuu, daraja lililokubaliwa, mnada uliouzwa. `mgawo` linaunganisha: stakabadhi fulani, mzigo fulani, gramu kadhaa. Stakabadhi moja inaweza kuwa na migawo mingi, na mzigo mmoja una migawo ya watu wengi. Daraja la mapokezi linabaki kama lilivyopokelewa, na la mzigo kama lilivyokubaliwa ghalani; la pili halifuti la kwanza, ili mkulima anayehoji aonyeshwe yote mawili.

Kanuni ya ulinzi hapa haiwezi kuandikwa kwa CHECK, inayokagua mstari mmoja tu, kwa sababu inahusu mistari mingi. Zimewekwa triga mbili, yaani kanuni ambazo kanzidata huziendesha yenyewe data inapoguswa, moja kabla ya kuingiza mgawo na moja kabla ya kuubadilisha: jumla ya migawo ya stakabadhi ikizidi gramu zake, kazi inakataliwa. Triga ya kuingiza peke yake ilionekana kutosha hadi karani aliporekebisha mgawo uliokwishaingia na jumla ikapita bila kuzuiwa.

11 Novemba. Unyaufu, na gharama zote

Bodi imeamua unyaufu wa lori ugawanywe kwa uwiano wa gramu za kila mgawo, si kwa vichwa. Ukikadiria kila mmoja peke yake, jumla huenda ikatofautiana na uzito wa ghala kwa gramu kadhaa. Utaratibu: kila mgawo unapata sehemu yake iliyokatwa chini, kisha gramu zilizobaki zinatolewa moja moja kuanzia kwa mwenye sehemu kubwa iliyotupwa, hadi zitimie. Wenye mabaki sawa wanapangwa kwa namba ya stakabadhi, ili hesabu ikirudiwa itoe jibu lilelile. Lori tatu zimejaribiwa kwa mkono na kwa mfumo, na zimekubaliana hadi gramu.

Gharama zote: kompyuta 550,000, posho ya uingizaji 300,000, UPS 190,000, ruta 85,000, simu mbili 280,000, flashi 50,000, karatasi na wino 60,000. Jumla 1,515,000. Programu zote ni za bure. Printa ilikuwepo.

Kinachofuata ni hati ya mkulima inayochapishwa: stakabadhi, migawo yake, mnada na bei ya kila mgawo, makato kwa majina yake, na tarehe ya malipo, vyote kwenye ukurasa mmoja wa nusu A4. Muundo wake utaingizwa hapa pamoja na ulizo linaloutengeneza, baada ya malipo ya mnada wa kwanza kulinganishwa na taarifa ya benki.